Kitabu cha Kumi na Mbili

Mzee Nyamongo aliacha kusoma ukurasa wa kumi na nne. Alikuwa na hakika, maana alitia pale kikaratasi cha somo la Sabato, akafunga kitabu, akakirudisha kwenye sanduku la bati na kulisukuma chini ya kitanda. Jumamosi iliyofuata alipokifungua, kikaratasi chake hakikuwamo, na alama nyingine ilikuwa imewekwa ukurasa wa thelathini na moja. Ilikuwa msuko mwembamba wa ganda kavu la mgomba, wenye fundo dogo upande mmoja.

Msuko ule aliujua. Mkewe Loice ndiye aliyeufunga kwenye kifundo cha mkono wa binti yao Kemuma, asubuhi ya kumzika.

Watu wa pwani wana majini yao, wanayajua kwa majina na wanajua yanataka nini. Sisi wa milima ya Nyamira hatukulizoea neno hilo. Sisi hutembelewa na watu wetu wenyewe, na hilo ndilo baya zaidi. Jini utalifukuza hata kwa matusi. Mwanao utamtukana vipi?

Lakini nianze na kosa, maana kosa lilikuwepo.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa sabini na moja, Nyamongo alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha mambo. Neno lake likisema ndiyo, ni ndiyo. Loice, mkewe, alikuwa akiteremka Kisii mjini kila Jumanne na ndizi zake, na mteja wake mkubwa alikuwa Manubhai, Mhindi mwenye duka la madaftari, wino na vitabu. Mke wa Manubhai alipenda sana ndizi mbichi za kukaanga. Basi wakapatana: mkungu mmoja, kitabu kimoja. Nyumbani Loice hakusema lolote, maana alimjua mumewe.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya watoto, mfululizo mmoja ulioitwa Watoto wa Kibatari. Sudi, Tabu na mdogo wao Chano walikuwa na kibatari kimoja cha bati, na kwa mwanga wa kibatari hicho waliingia kila mahali ambapo mtoto hukatazwa kuingia: gofu la wezi, msitu wa nyoka, kisima kilichokauka. Kila kitabu wanaingia gizani, kila kitabu wanatoka. Kemuma, msichana wa miaka kumi na mmoja, alivisoma nyuma ya zizi la ng'ombe, akitia alama kwa misuko aliyojisukia mwenyewe. Alimaliza kumi na kimoja. Cha kumi na mbili, cha mwisho, kiliitwa Pango la Mwisho.

Alikuwa nacho mikononi Sabato moja ya Aprili, amekificha ndani ya kitabu cha nyimbo, baba yake alipomkuta. Kitabuni jiwe lilikuwa limeporomoka na kuziba mlango wa pango, na mafuta ya kibatari yalikuwa yanakwisha.

"Baba, nakuomba. Kurasa sita tu zimebaki."

"Kurasa sita za uongo," Nyamongo akasema. "Hawa watoto hawapo. Hawajawahi kuwapo. Unamsomea Mungu uongo siku yake takatifu?"

Mchungaji hakumtuma. Kanisa halikumtuma. Ni ukali wake tu. Nyumbani mwake moto haukuchochewa siku ya Sabato, chakula kilipikwa Ijumaa kabla jua halijatua. Siku hiyo aliinama mwenyewe, akapuliza makaa mpaka yakawaka, akakitia kitabu motoni. Kemuma hakulia kwa sauti. Alisimama pale akiangalia karatasi zikijikunja, na msuko wake mkononi.

Siku tisa baadaye homa ya malaria ilimlaza. Loice anasema mtoto hakuomba maji wala uji. Aligeuza macho kumtafuta baba yake, akauliza, "Baba, walitoka?"

"Sali, mwanangu," Nyamongo akamwambia. Angejibu nini? Hakujua.

Akauliza mara ya pili. "Sali," akajibiwa. Mara ya tatu hakungoja jibu, akaenda zake. Walimzika nyuma ya migomba.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nyamongo alikaa wiki tatu bila kusema na mtu, kisha Sabato moja alasiri, Loice akiwa ameondoka na akina mama wa kanisa kutembelea wagonjwa, alivuta sanduku la binti yake na kukuta vile vitabu kumi na kimoja. Akasema moyoni, wacha nijue alikuwa akipenda nini. Usimcheke. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, na mvi zake, akakaa kwenye kitanda cha mtoto na kuanza kusoma habari za Sudi, Tabu na Chano.

Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, na kosa hilo lingemnasa yeyote wa rika lake. Wazee wale walifundishwa kusoma kanisani, wamesimama, kwa sauti, Biblia mbele ya kifua. Kusoma kwa macho peke yake hawakukujua. Macho bila mdomo hayakwenda. Kwa hiyo Nyamongo alisoma kwa sauti, saa tisa alasiri, saa ile ile aliyokichoma kitabu, mvua ya kwetu ya kila siku ikipiga mabati. Na mwenye kusomewa akasikia.

Kwanza ulikuwa ule msuko ukurasa wa thelathini na moja. Nyamongo aliushika, akaunusa. Ulinuka udongo mbichi. Mtu mwingine angetupa kitabu na kukimbia, lakini yeye aliubusu, akaendelea kusoma kuanzia pale ulipowekwa, maana alidhani ni haki amfuate mwenzake alipofikia.

Sabato hiyo hiyo ya pili alisikia nyayo ndogo, zimelowa, zikija kutoka upande wa migomba na kukoma mlangoni. Ya tatu palikuwa na harufu ya karatasi iliyoungua. Ya nne godoro lilibonyea kidogo kando yake, kama mtoto ameketi. Alipokwama kwenye neno moja gumu la Kiswahili, maana Kiswahili chetu ni cha shuleni na yeye shule hakuimaliza, sauti ndogo karibu na bega lake ikamtamkia lile neno polepole, kisha ikanyamaza kumngoja.

"Kemuma?" akanong'ona.

"Soma, Baba."

Mungu anisamehe, lakini mtu huyo alifurahi. Tangu hapo ikawa kitabu kimoja kila Sabato. Alicheka na mwanawe pale Chano alipojificha ndani ya pipa la unga. Alimwuliza, "Huyu Tabu si ni wewe kabisa?" na kicheko kikamjibu. Miaka kumi na mmoja aliishi na mtoto huyo nyumba moja, na hawakuwahi kucheka pamoja namna ile. Ala! Mtu anampata mwanawe baada ya kumzika.

Loice alirudi jioni moja akasimama mlangoni. "Baba Kemuma, ulikuwa ukiongea na nani?"

"Nasoma."

"Somo gani la kuchekesha?" Loice akauliza, kisha akanusa hewa. Alienda moja kwa moja kumtazama Bonareri.

Bonareri ndiye mtoto aliyebaki, wa miaka mitano, na kila Jumamosi baba yake aliposoma, yeye alikuwa amelala chumba cha pili. Kufika kitabu cha saba alikuwa halali tena kama watu wanavyolala. Macho yalikuwa wazi nusu. Alikohoa kikohozi cha Kemuma, kile kikavu cha siku zake za mwisho. Kitabu cha tisa, akaanza kutaja majina, Sudi, Chano, yeye ambaye hajasomewa hata herufi. Kitabu cha kumi na moja kilipokwisha hakuweza kusimama, na alasiri hiyo Nyamongo alifunga kitabu, akangoja kicheko chake cha kawaida, lakini badala ya kicheko akahisi vidole vya baridi vikipanda kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko na kushika, na ile sauti ikamjia begani kama zamani na wakati ule ule ikatoka chumba cha pili, mdomoni mwa Bonareri, sauti mbili zikiuliza kwa pamoja jambo moja ambalo alikuwa amelikimbia tangu Aprili, huku mvua ikikatika ghafla juu ya mabati ili asikose kusikia.

"Baba, walitoka?"

Kwa kufuata muhuri wa duka uliokuwa ndani ya vitabu, Jumatatu alikuwa kwa Manubhai, Kisii, asubuhi na mapema. Manubhai alipekua rafu zote, akapanda ngazi, akashuka na vumbi kichwani.

"Mzee, kumi na mbili hakuna. Nakala moja ilikuja, ikachukuliwa na mama watoto wako. Wachapaji wamefunga. Nitaandika barua Nairobi, lakini usiweke moyo sana."

"Wewe hukukisoma?"

"Mimi nauza tu, Mzee. Pole sana kwa mtoto."

Siku iliyofuata Nyamongo alifanya jambo ambalo hakuwahi kufikiri atalifanya. Aliweka jembe begani ili watu wadhani anakwenda kibaruani, akavuka mto kwenda kwa Bosibori, mama mpiga ramli, yule yule ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwakataza waumini wasimsalimie. Bosibori hakumkumbusha. Alimpa kigoda, akatikisa kibuyu chake, akasikiliza muda mrefu.

"Nani amekuwa akimsomea?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Kwa sauti?"

"Sijui kusoma vingine, mama."

Akamweleza habari yote, vitabu na saa. Bosibori akajishika mdomo. "Jina la mfu tu tunaogopa kulitaja ovyo, na wewe umemwita Jumamosi kumi na mbili, saa ile ile, nyumba ile ile! Na umemsimulia nini? Watoto wanaoingia gizani na kutoka. Umemfundisha njia, mzee wa kanisa."

"Anangoja nini sasa?"

"Mwisho. Wakitoka wale, naye anatoka pamoja nao. Na akitoka atataka mwili, maana wake umekwisha. Damu inayolala karibu naye ni ya nani?"

Nyamongo akageuka kutazama ng'ambo ya mto, kwake, alikolala Bonareri.

"Basi mwambie hawakutoka," Bosibori akasema. "Nenda kaburini, mpe mwisho, ufunge lile pango."

"Sijui mwisho wake. Nilikichoma."

"Buni."

"Nibuni? Mimi sijawahi kusema uongo maishani mwangu."

"Utaanza Jumamosi hii," Bosibori akasema, "au utachimba kaburi la pili. Chagua."

Jumamosi hiyo, saa tisa, Nyamongo alibeba kigoda mpaka nyuma ya migomba. Biblia aliiacha nyumbani. Mvua ilikuwa inaanza, na ndani ya nyumba Loice alikuwa amempakata Bonareri, ambaye pumzi zake zilikuwa zinahesabika. Nyamongo akakaa, akaweka mikono kifuani kana kwamba kuna kitabu, akaanza.

Alimwambia kwamba kibatari kilizimika. Kwamba Sudi alisukuma jiwe mpaka akachoka, kisha akasema, jamani, tupumzike. Kwamba Tabu alivua kanga yake akamfunika Chano, na hawakuwa na njaa wala baridi, na mle pangoni mlikuwa na joto zuri kama la jikoni. Alibuni vibaya, maskini, alikwama, alirudia maneno, machozi yakaingia mdomoni, na kadiri alivyokaribia mwisho ndivyo alivyozidi kurefusha, akaongeza wimbo walioimba, akaongeza mahindi ya kuchoma waliyoyakumbuka, akaongeza hili na lile kwa sababu alijua nukta ya mwisho ikifika hatamsikia tena mwanawe duniani, mpaka akasikia kutoka nyumbani Loice akipiga kelele jina la Bonareri, ndipo akaimaliza.

"Wakalala," akasema. "Jiwe halikutoka. Wamelala mpaka leo."

Kisha pumzi ikamgusa begani.

"Ni kweli, Baba?"

"Ni kweli."

"Hawakuogopa?"

"Hawakuogopa, mwanangu."

"Na baba yao? Hakuja kuwatafuta?"

Nyamongo akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. "Alikuja," akasema. "Alichelewa."

"Haya," ile sauti ikasema, kwa utii, kama mtoto aliyeagizwa akalale. Pumzi ikaondoka begani. Alipoingia nyumbani, Bonareri alikuwa ameketi na anaomba uji.

Nyamongo aliacha uzee wa kanisa wiki hiyo. Alisimama mbele ya watu akasema amesema uongo, na hakusema uongo gani. Alirudia maisha yake ya kuchuma majani chai. Saa tisa ya kila Sabato alikaa kwenye kile kitanda bila kitabu, na hakuna aliyekuja. Alimwambia Loice, "Laiti angeniuliza tena hata mara moja," na Loice akamwambia anyamaze, asimwite.

Machi mwaka uliofuata, Manubhai alimwita. Barua ya Nairobi ilikuwa imejibiwa. Juu ya meza ya duka palikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki, kimefungwa kwa uzi mafundo mawili.

"Zawadi, Mzee, sitaki mkungu. Safari hii nimekisoma kwanza kabla ya kufunga. Mwisho mzuri sana, wale watoto—"

"Nyamaza, ndugu yangu!" Nyamongo akamshika mkono. "Nakuomba. Usiseme."

Angekichoma tena. Watu wengi wamesema hivyo, na mimi nawauliza, nyinyi mngeweza? Alikuwa amekwisha kukichoma mara moja. Alikitia kwenye sanduku la bati na uzi wake, akafunga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni.

Kilikaa wiki tano. Sabato ya sita, saa tisa, Bonareri aliyekuwa amelala chumba cha pili akakohoa kile kikohozi kikavu. Loice na mumewe walitazamana. Kisha mtoto akasema usingizini, polepole, kwa sauti isiyo yake, "Baba alinidanganya."

Nyamongo alifungua kufuli. Uzi ulikuwa umefungwa vile vile, mafundo mawili ya Manubhai. Karatasi ya kaki haikuchanika popote. Lakini ubavuni mwa kifurushi, kutoka ndani, kilichungulia kifundo kidogo cha ganda la mgomba. Alikata uzi, akafungua. Msuko ulikuwa ukurasa wa mwisho.

Hakutazama maneno. Alifunga kitabu, akamweleza Loice yote, kuanzia ukurasa wa thelathini na moja. Loice alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa uso kwa leso.

"Kwa hiyo amekwisha kujua," akasema.

"Amekwisha kujua. Na anakuja." Nyamongo akamtazama Bonareri. "Ijumaa, kabla jua halijatua, mchukue huyu mwende kwenu Birongo. Usirudi mpaka Jumapili."

"Na wewe?"

"Mimi nina kurasa sita za kusoma."

"Baba Kemuma, Bosibori alisema anataka mwili."

"Alisema damu ya karibu. Hata yangu ni ya karibu. Niliiziba njia yake mara mbili, Loice, mara ya kwanza kwa moto, mara ya pili kwa mdomo. Siwezi mara ya tatu."

Loice alilia, lakini alifunga mzigo. Alikuwa ameshatoka uani, Bonareri mgongoni, aliposimama. "Mwambie," akasema, "mwambie ule msuko nilimfungia taratibu, sikumwumiza."

Jumamosi hiyo jirani yao Mogire alikuwa amejikinga mvua chini ya ukingo wa bati la zizi lao. Anasema mlango wa Nyamongo ulikuwa wazi kabisa, mvua inaingia mpaka sakafuni, na mzee anasoma hadithi ya watoto kwa sauti kubwa kama asomavyo Zaburi. Baadaye akasikia sauti ya pili ikisoma naye, ndogo, ikimwongoza kwenye maneno magumu. Zikaenda pamoja kitambo kirefu, moja ikipanda, nyingine ikishuka, mpaka mwishoni ikabaki sauti moja tu, na Mogire anaapa kwa mama yake kwamba haikuwa ya Nyamongo.

Jumapili Loice alirudi peke yake. Bonareri alimwacha Birongo, akicheza, hana kikohozi. Alimkuta mumewe amekunja miguu juu ya kitanda cha Kemuma, kitabu kimefungwa kando yake, na vidole vyake vinene vinasuka ganda la mgomba haraka haraka, bila kukosea. Akainua uso, akatabasamu kwa furaha ambayo Loice hakuwahi kuiona kwenye uso ule.

"Mama! Walitoka. Wote watatu. Baba amenisomea mpaka mwisho."

Loice alishika mwimo wa mlango. "Na baba yako yuko wapi?"

"Amebaki pangoni, anashikilia jiwe. Alisema nitangulie."

Loice aliuachia mwimo. Kisha akaenda, akaketi kitandani, akaichukua ile mikono mikubwa yenye sugu za jembe, akaiweka mapajani mwake, akamwuliza binti yake kama amekula.